Mwaka Ambao Mikono Yetu Ililala

Juzi tulimzika Mama Njoki huko Karatina, na watoto wake wakaniomba niseme maneno machache kwa niaba ya marafiki wa zamani. Nilisimama mbele ya umati ule, wateja wake wa sokoni wakiwa wamevaa nguo alizowashonea, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vya kichwani, wajukuu ambao kwao Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ni somo la darasani tu, nikasema alikuwa rafiki mwema na fundi hodari wa cherehani. Kisha nikakaa. Binti yake Njoki, ambaye sasa ana mvi karibu kama zangu, aliniinamia akaninong'oneza, "Ungewaambia ya hospitali." Nilimwambia mvua inakuja na watu wamechoka. Ukweli ni kwamba sikujua nianzie wapi. Nimerudi nyumbani, nimekaa mezani siku kadhaa na chai inapoa mbele yangu, na sasa naona pa kuanzia ni mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu mpya katika shule ndogo ya watoto wa askari mjini Nyeri, mgeni kutoka magharibi mwa Kenya nisiyejua Kikuyu zaidi ya salamu. Nilikaa na kaka yangu Zakayo, konstebo, katika chumba kimoja cha laini za polisi, zile nyumba za askari, tulichokigawa kwa blanketi lililotundikwa kwenye waya. Upande wake kulikuwa na kitanda, buti na ndoo. Upande wangu kitanda, sanduku na vitabu vyangu. Kuta zilikuwa nyembamba mno. Jioni, tukila ugali na sukuma, tulisikia majirani wakieleza habari za siku: nani amekamatwa, kijiji gani kimehamishwa, lori gani limepigwa risasi karibu na msitu. Zakayo alikuwa akiongeza sauti ya kutafuna ili nisisikie. Nilisikia yote. Watu waliozungumziwa ukutani walikuwa kwangu kama kivuli, sikuwa nimewahi kukaa na hata mmoja wao tukala pamoja.

Wakati wa mvua kubwa, lori tulilopanda kutoka Karatina liliteleza kwenye kona, likalala ubavu kwenye mtaro. Sisi abiria tulimwagika kama magunia. Hakufa mtu, lakini mimi niliangukia mkono wa kulia, na mfupa wa juu, kati ya bega na kiwiko, ukavunjika. Hospitalini walinifunga plasta. Miezi yote ile ya plasta niliona vidole vyangu vimelegea, nikadhani ni uzito tu. Siku walipoifungua, daktari aliukagua mfupa, akaridhika, akaniambia niinue kiganja. Niliuamuru mkono uinuke. Ukaning'inia kutoka kwenye kifundo kama kichwa cha kuku aliyechinjwa. Nikajaribu tena huku nimeuma meno. Vidole vilitikisika kidogo kwa kukunjika, lakini kunyooka vilikataa. Na pale nyuma ya kidole gumba, ngozi ilikuwa na ganzi ya ajabu: nikiigusa sihisi kitu, lakini shuka ikipita juu yake naruka kwa mchomo kama wa umeme.

Mwalimu mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuja kunitazama, akaleta mayai, akakaa ukingoni mwa kitanda na kofia yake magotini. Alisema angeniwekea nafasi yangu mpaka mwaka uishe. "Lakini, binti yangu, mwalimu asiyeshika chaki nitamwambia nini mkaguzi?" Nilimwambia nitaishika. Alipoondoka nilijifunika blanketi nikalia, maana hata blanketi lenyewe nilikuwa nimelivuta kwa mkono wa kushoto.

Walinituma kwenye chumba cha kukandwa viungo, mwisho wa varanda ya wadi ya wanawake. Kilikuwa chumba kirefu chenye benchi mbili, jiko la makaa, beseni za maji moto na harufu ya mafuta ya mbarika. Aliyekitawala alikuwa Nesi Kalondu, mwanamke wa Machakos, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Na kwenye benchi ya karibu na dirisha alikuwa ameketi mama mwembamba aliyefunga vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia kwa kitambaa chekundu. Alinitazama nikiingia nimeubeba mkono wangu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akasogea kunipa nafasi.

"Wewe ndiyo ule mwarimu wa laini?" aliuliza. Alilitamka hivyo, mwarimu, na hakuniita kwa jina lingine hadi kufa kwake.

"Ndiyo, mama."

"Mkono inauma?"

"Unaniunguza. Hata upepo ukiugusa."

"Shukuru," alisema. "Yako inalia. Yangu imenyamaza kabisa."

Jina lake lilikuwa Wangari, lakini wote walimwita Mama Njoki. Mume wake alikuwa kizuizini, hakujua kambi gani. Yeye na watoto wake wawili walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya upande wa Ruring'u, kijiji cha nyumba zilizobanana zilizozungukwa na handaki na miti iliyochongwa ncha. Wanawake ndio waliolichimba handaki lile, na ndio waliobeba mabati ya kuezekea kituo cha gadi, wale walinzi wa kijiji walioajiriwa na serikali. Siku moja upepo ulinyanyua bati alilokuwa ameshika, ukingo wake ukamkata kifundo cha mkono kwa ndani. Kidonda kilishonwa kikapona vizuri, kikaacha mstari mdogo tu. Lakini vidole vile viwili vya mwisho vilibaki vimekunjika kama kucha za ndege, havihisi moto wala baridi, na nguvu ya kubana kitu kwa kidole gumba ikamtoka. Kabla ya Imajensi alikuwa mshonaji. Sindano sasa ilimdondoka.

Nesi Kalondu alitueleza sote wawili kwa pamoja, nadhani kwa makusudi, ili kila mmoja asikie ya mwenzake. Alisema neno mshipa linatuchanganya, kwa sababu tunauita hivyo wa damu, wa nyama na wa fahamu. Huu wa fahamu ndio unaopeleka amri mkononi na kurudisha habari. Wangu ulikuwa umebanwa na mfupa uliovunjika. Haukukatika, ila uzi wa ndani ulikufa kuanzia hapo kwenda chini. Wa Mama Njoki ulikatika, na daktari aliushona. Katika hali zote mbili uzi mpya huota kutoka juu, unashuka polepole sana ndani ya ganda lile la zamani. "Sasa kazi yenu si kuuharakisha," alisema. "Hauharakishwi. Kazi yenu ni kuhakikisha ukifika unakuta viungo havijakauka, na mkono haujaungua au kuoza kwa uzembe."

Kisha akanigongagonga kwa ncha ya kidole juu ya mkono, karibu na pale palipovunjika, akishuka. Mahali fulani nilishtuka. Sindano ndogo ndogo zilikimbia hadi kwenye kidole gumba. "Hapo ndipo uzi umefika," alisema. Baada ya majuma kadhaa alinigonga tena, na mahali pa sindano palikuwa pameshuka karibu na kiwiko. Sijawahi tena kufurahia maumivu namna ile. Nilitoka mbio kwenye varanda kumwonyesha Mama Njoki, naye akaniambia nimgonge yeye. Nikagonga kwenye kovu lake, nikapita kovu, nikaelekea kiganjani. Akafumba macho. "Hapo," alisema. "Kidogo. Kama siafu mmoja."

Nesi alinitengenezea kibao chenye pamba cha kushikilia kiganja kisining'inie, na akanifundisha kuunyoosha na kuukunja kwa mkono wa kushoto asubuhi, mchana na jioni, niwe na hamu nisiwe nayo. Kwa ule mchomo alinipa vitambaa: kwanza hariri kuukuu, nisugue polepole pale panapowaka, mpaka ngozi iizoee; kisha pamba; kisha kipande cha gunia. Baridi ya Nyeri mwezi wa saba ilinitesa kuliko chochote, ukungu ukishuka kutoka mlimani na mkono ukigeuka kama umewekwa kwenye barafu na moto kwa wakati mmoja. Mama Njoki ndiye aliyenifumia soksi ya mkono, kwa vidole vitatu vyenye uhai na meno.

Yeye mwenyewe aliishi na ule mkono kwa nidhamu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, hata kwa wale walionifundisha Biblia. Kitambaa chekundu hakikuwa pambo. Alikuwa ameungua mara moja kwenye sufuria bila kujua, akajua kwa harufu, na baada ya hapo akaamua kwamba vidole visivyohisi lazima vionekane. Rangi nyekundu ilimkumbusha macho yake yafanye kazi ya ngozi. Maji aliyapima kwa kiwiko cha kushoto. Jembe na kisu alivifunga matambara mpinini. Kila jua lilipoinama alikaa dirishani, akafungua kitambaa, akakagua vidole kila upande kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto: mwiba, mkwaruzo, lengelenge. Akipata kitu alikiosha na kukifunga, halafu siku ile hakukitumia kidole hicho hata kama kazi ilimngoja. Kisha alipaka mafuta, kwa sababu ngozi isiyohisi haitoki jasho na hupasuka. Sikumwona hata siku moja akiruka kukagua kwa sababu amechoka, na alikuwa anachoka. Alitembea kutoka kijijini kwa kibali, na ilikuwa lazima arudi kabla ya kengele ya kuzuia watu kutembea.

Nesi alitupeleka jikoni mwa hospitali tufanye kazi kama mazoezi. Hapo ndipo tulipokuwa marafiki. Mimi nilikuwa na hisia lakini sina nguvu ya kunyoosha; yeye alikuwa na nguvu ya mkono mzima lakini hawezi kubana wala kuhisi. Nilishika kiazi, yeye akamenya. Alipotaka kujua kama mahindi yameiva, mimi ndiye niliyeyabonyeza. Mpishi alituita fundi mmoja mwenye mikono minne, miwili mibovu. Mchana tulikaa nyuma ya jiko juu ya magogo, tukala irio, viazi na mahindi vilivyopondwa, kutoka sahani moja ya bati, na wanawake wa jikoni walizungumza Kikuyu haraka haraka juu ya vichwa vyetu. Mama Njoki alinitafsiria anachotaka na kuacha anachotaka. Zakayo alipojua nakula na nani, aliacha kutafuna. "Ujue wenzangu wanaangalia," alisema. Nikamwambia waangalie. Kesho yake aliacha robo ya sukari juu ya sanduku langu, imefungwa gazetini, na akasema tu, "Ya yule mama na watoto wake."

Siku moja tukiosha sufuria niliona kitu. Tulikuwa tumezamisha mikono kwa muda mrefu, vidole vyangu vikawa na makunyanzi. Nilitazama vyake. Gumba na viwili vilivyofuata vilikuwa vimekunjamana kama vyangu, lakini vile viwili vya mwisho vilikuwa laini kabisa, kama havikuwa majini. Tulimwita Nesi. Aliinamia karai kwa muda, akasema ngozi nayo hukunjamana kwa amri ya mshipa. Mshipa ukinyamaza, ngozi inabaki ilivyo. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Ilikuwa bahati kwamba tuliliona hilo, maana hedimani wa kijiji chake, mkuu aliyewekwa na serikali, alikuja. Alikuja mchana, mtu mpana mwenye koti la jeshi na buti nzito, nyuma yake gadi wawili. Aliingia jikoni bila kubisha hodi. Aliongea Kiswahili ili Nesi Kalondu asikie.

"Huyu mama anatudanganya. Miezi mingi wenzake wanachimba, yeye anakuja hapa kupika na kucheka. Nionyesheni kidonda. Sioni kidonda."

"Kidonda kilipona, bwana," Nesi alisema. "Kilichokatika kiko ndani."

"Ya ndani kila mtu anaweza kusema. Hata mimi niko na ya ndani." Akamgeukia Mama Njoki. "Leo unarudi na sisi. Handaki imejaa udongo."

Kurudi handakini na mkono ule kulimaanisha mpini wa jembe, malengelenge asiyoyahisi, usaha, na pengine kukatwa vidole vyenyewe. Na kukataa amri ya hedimani mwaka ule kulimaanisha mengine ambayo nilikuwa nimeyasikia kupitia ukuta. Mama Njoki hakulia wala kusihi. Alijifuta mikono kwenye aproni, akafungua kitambaa chekundu, akavuta karai la maji ya vuguvugu, akaliweka mezani mbele ya hedimani.

"Bwana," alisema, "mimi siwezi kuambia ngozi yangu idanganye. Ngoja uone."

Akazamisha mikono yote miwili. Tulisimama. Mpishi alikoroga uji uliokwisha kuiva. Yeye mwenyewe alimtazama hedimani usoni, si kwa ukali, bali kama mtu anayengojea na mwenzake kwenye kituo cha basi. Alipoitoa mikono akaiweka juu ya meza, viganja juu. Vidole vinane vilikuwa na makunyanzi. Viwili vilikuwa laini kama vya mtoto aliyelala.

Hedimani alivisugua kwa kidole chake. Alivisugua tena. "Uchawi," alisema, lakini sauti yake haikuwa ile ya kwanza. Akawaambia gadi wamchukue, akageuka kuelekea mlangoni.

"Bwana," Mama Njoki alimwita. "Mguu yako inatoka damu."

Tukatazama sakafuni. Tangu mlangoni hadi mezani, kila alipokanyaga kwa buti la kulia, kulikuwa na alama nyekundu yenye umbo la soli. Mimi nilikuwa nimeiona dakika ile ile, na kusema kweli ningenyamaza, aende nayo. Hedimani alisema si yake. Nesi Kalondu alisogeza kiti. Alipovua buti, msumari wa soli ulikuwa umetokeza ndani, na chini ya kidole kikubwa cha mguu kulikuwa na tundu, si la leo wala jana. Aliutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine. Mtu yule mpana akawa mdogo kitini.

"Sikusikia," alisema kwa Kikuyu. Neno hilo nililielewa; mengine Mama Njoki alinitafsiria baadaye. "Tangu mwaka jana miguu haisikii. Nilidhani ni baridi."

Nesi alimwosha na kumfunga, akamwambia arudi daktari ampime, maana miguu yote miwili kufa ganzi hivyo kuna ugonjwa nyuma yake. Lakini aliyemfundisha namna ya kukaa nayo alikuwa Mama Njoki. Alipiga goti sakafuni na kuliinua buti. "Asubuhi kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani uguse kila mahali. Tumia mkono ya kushoto na ya kulia, moja ikikosea, ingine itasikia. Jioni mke wako aangalie chini ya mguu. Usiote moto na miguu, utachomeka ukilala. Ukiona kidonda, pumzisha mguu, hata kama iko na kazi." Alisema yote haya kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni njia. Gadi walitazama dari. Hedimani alisikiliza, akavaa kiatu cha kitambaa alichopewa na Nesi, akatoka akichechemea na buti mkononi. Mama Njoki hakuchukuliwa. Siku iliyofuata alikuja na kibali chake kama kawaida, na tangu hapo hakuna aliyemtaja tena kwa handaki. Sitasema mtu yule aligeuka mwema. Wenzake Mama Njoki waliendelea kuchimba, na amri zake ziliendelea kuwa kali. Ila walisema kila asubuhi alionekana mlangoni kwake akichunguza buti.

Nilimuuliza baadaye kwa nini alimwambia. Tulikuwa tunachambua maharagwe. Alifikiri kidogo. "Mwarimu, mimi najua vile inakuwa, mwili yako ikuumie na hujui. Singeweza kuangalia."

Mwezi wa kumi, nikiwa nimeegemeza mkono mezani, niliona kiganja kimeinuka. Kidogo tu, kama mtu aliyeshtuka usingizini, kisha kikaanguka. Nilipiga kelele hadi wagonjwa wa wadi wakaamka. Kufikia likizo niliweza kushika chaki, mwanzo kwa kuegemea ukutani, herufi zangu zikipanda na kushuka. Mwalimu mkuu alisimama nyuma ya darasa tupu akanitazama nikiandika alfabeti nzima, akavua kofia. Yeye Mama Njoki alirudi kwenye sindano kwa kujifunza upya: alifumba macho akiingiza mkono kwenye mfuko wa vifungo, punje na vitambaa, akitaja anachogusa, akikosea, akicheka, akirudia. Kidole cha nne kilianza kumwasha kwanza, kisha kumuuma, kisha kuhisi. Aliniambia siku hiyo alijichoma sindano makusudi mara kadhaa, apate kusikia utamu wake.

Mwanzoni mwa mwaka nilihamishiwa shule ya Nanyuki. Alikuja kuniaga mbele ya laini za polisi, mahali ambapo mama wa kijiji chake hangetegemewa kuja, na Zakayo mwenyewe ndiye aliyemletea kiti. Hakukaa. Lori langu lilikuwa tayari. Alinyoosha mkono wa kulia, bila kitambaa, na mimi wangu, bila kibao. Tukashikana. Alinibana kwa nguvu nisiyoitarajia.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia."

"Na mimi nakusikia," alisema. "Kidole ya mwisho bado iko kizuizini. Lakini hii ingine imeachiliwa."